Penseli Yako Imebaki Kwenye Pamba

Papa Séverin,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye kiti chako, kile ulichotukataza sisi wanafunzi wako wote. Mlango wa studio nimeufunga kwa komeo na pazia nimelishusha. Ni mchana mkavu. Tangu asubuhi risasi zinalia upande wa Katuba, zinanyamaza, zinalia tena, na hapa mtaani Makomeno hata mama wa mikate amekunja meza yake akaenda. Nina jambo la kukukiri, na nimeona nilimalize leo kabla sijapoteza ujasiri. Nimeifuta kazi ya mkono wako. Nimeifuta kwa pamba na alkoholi, tena nikiwa na furaha, nikidhani nasafisha uchafu.

Nianze mwanzo, maana ulikuwa huwezi kusikia kosa bila kujua lilianzia wapi.

Tangu tukuzike ni miezi minane. Kwenye kilio chako tulihangaika kutafuta picha ya kuweka juu ya sanduku. Umepiga picha nusu ya mtaa huu, ubatizo na ndoa na maiti, na wewe mwenyewe hukuwa na picha hata moja. Mwishowe nikaikuza ile ya kadi yako ya uchaguzi, ambayo umekunja uso kama mtu aliyeitwa polisi. Mama Odette, mke wako, akacheka huku machozi yanamtoka: "Njo bwana yangu ule. Hata mu kifo iko anagombeza bantu." Na mimi nikacheka, Papa. Unisamehe.

Mama Odette hayuko tena hapa. Maneno yalipoanza kuzunguka mjini, nani atoke, nani abaki, alikwenda kwa dada yake Sakania, akaniachia ufunguo wa studio na yale makopo matatu ya maziwa ya unga. Unayajua makopo ninayosema. Zile negatifu za mwaka wa treni, kila moja kwenye bahasha yake yenye namba, na mchele mkavu chini ili unyevu usiziguse. Ulinisimulia mara moja tu. Watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa mjini walilala stesheni majuma na majuma wakisubiri treni, na kabla ya kupanda wengine walikuja hapa wakae mbele ya kamera yako mara ya mwisho. Ukawapa bon, stakabadhi yenye namba, ukawaambia picha zitawafuata. Karatasi ikakosekana, posta ikafa, picha hazikuwafuata. Mbele yetu ulikuwa ukiyapita makopo yale unageuza uso. "Bantu beko kule, sura zao ziko hapa," ulisema, "na mimi niko katikati."

Basi baada ya kukuzika nilijiapiza kwamba sura zile zitatoka kwenye kopo.

Kambale, yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye malori ya njia ya mpakani, alikuwa na skana ya negatifu kwenye ghala lake, katikati ya mashine kuukuu za ofisi. Ni ya zamani, nzito kama gunia la unga, waliitengeneza enzi watu bado wanaamini filamu haitakufa. Mashine za siku hizi za bei ndogo zinapiga negatifu picha tu na kuondoka. Hii inaipitia mstari kwa mstari, polepole, mpaka hata doa la ukungu kwenye pazia la nyuma ya mteja unaliona. Nilimpa friji ya filamu akanipa skana. Usinikasirikie. Filamu za kuweka humo hazipo, na wewe mwenyewe miaka ya mwisho ulikuwa unapoozea bia.

Kuisimamisha kumenitoa jasho. Waya wake mnene hauingii kwenye kompyuta yoyote ya leo. Padri wa parokia akanipa kompyuta yao ya zamani, iliyokuwa inazuia mlango wa sakristia usijipige, na hiyo ndiyo iliyokuwa na tundu lake. Siku ya kwanza skana ilinitolea picha chache hafifu, ikagonga mara tatu ndani ya tumbo lake ikanyamaza. Nikaifungua kwa bisibisi yako ndogo. Ndani mna kioo cha kurudisha mwanga, chembamba, na kilikuwa kimevaa vumbi letu jekundu kama blanketi. Ndiyo maana kila shati jeupe kwenye picha lilikuwa linatoa moshi pembeni. Nikakifuta kwa kile kitambaa chako cha lenzi, pumzi nimezibana kama ulivyonifundisha kwenye chumba cha giza. Nilipoirudisha, weusi ukawa mweusi. Nikasema kwa sauti, "Papa, angalia." Halafu nikakumbuka.

Negatifu zenyewe zilikuwa zimejikunja. Nilizilaza siku tatu chini ya kamusi yako ya Kifaransa ndipo zikakubali kukaa sawa kwenye kishikizo. Mashine haijui iangalie wapi, lazima uionyeshe, nami nikaionyesha kwenye macho. Ulizoea kuniambia: "Macho kwanza, Fifi. Pua iko inajua njia yake." Kwa ubora wa juu kabisa negatifu moja inachukua robo saa, na umeme ukipepesa katikati, unaanza upya. Tunapewa umeme asubuhi mpaka adhuhuri, siku ukitupenda.

Jumatatu akaja mwanamke mmoja. Miaka arobaini hivi, viatu vya safari, begi moja. Hakuketi. Alitoa kwenye Biblia yake kikaratasi kilichoishiwa rangi: bon yako, namba 412, mwandiko wako. Papa, nilikitambua kabla sijakisoma. Jina lake ni Kapinga. Alipandishwa treni pamoja na mama yake akiwa na miaka saba, na mama yake alikufa kule Kasai kabla mwaka haujaisha. Bon ndiyo iliyobaki. Uso wa mama yake haukumbuki. Alikuja mjini hapa mwaka jana kwa biashara ya vitambaa, akawa anaulizia studio ya mzee wa Makomeno, watu wakimwambia ulikufa, imefungwa. Sasa maneno ya kale yameanza tena sokoni, jirani ameanza kumuuliza kwao ni wapi, na yeye hataki kusubiri stesheni mara ya pili. Ana kaka yake Ndola. Kambale amempa nafasi kwenye lori la Jumatano adhuhuri, na ndiye aliyemwambia studio ina mtu.

"Weye unikamatishe tu sura yake," aliniambia. "Nisiingie Zambia bila kujua mama yangu iko vile gani. Miye ni mutu wa kulota ndoto, familia yote banajua, hata nikisema mvua imenyesha habaniamini. Nataka kitu ya kuonyesha."

Nikamwambia Jumatano asubuhi itakuwa tayari. Nilisema kama wewe, bila kutazama juu.

Jumanne umeme ukaja. Nilimweka mama yake kwenye kishikizo. Nikawasha ule usafishaji wa mashine yenyewe, unaoondoa vumbi bila mtu kugusa, maana nilitaka picha safi. Uso ukatoka umeyeyuka kama sabuni iliyosahaulika kwenye maji. Nikaharibu asubuhi nzima kabla ya kuelewa: usafishaji ule ni wa filamu za rangi tu. Kwenye nyeusi na nyeupe yetu mashine inayaona yale madini ya fedha yanayochora picha kwenye filamu kuwa ndiyo uchafu, basi inaufuta uso. Nikauzima, nikaanza upya, na sasa ikaonyesha kila kitu, vumbi, unywele mmoja, na juu ya paji la uso wa yule mama, doa la nukta nukta kutoka kwenye nywele hadi kwenye nyusi. Umeme ukakatika.

Nikaichukua negatifu dirishani. Nilipoiinamisha, pale kwenye paji paling'aa kijivu. Nikasema ni kuvu, ni kopo limelala miaka yote hii. Nikachovya pamba kwenye alkoholi. Kwa upole, Papa, naapa, kwa upole kama mtu anayemfuta mtoto makamasi. Doa likatoka lote, pamba ikawa ya kijivu, nami nikajipongeza. Nikala chakula changu nikiwa nimeridhika.

Leo asubuhi risasi zilianza kabla ya umeme. Umeme ulipokuja nilikuwa na haraka hata kishikizo nikakiingiza kinyume. Kompyuta ya padri inaonyesha picha ikishuka kidogo kidogo kutoka juu. Kikaja kitambaa cha kichwa. Zikaja nywele za mbele. Likaja paji la uso, na kwenye paji, pale nilipofuta, jeraha.

Nilidhani nimekwaruza. Nikakuza, nikakuza tena, na mkwaruzo hauna kingo zilizovimba. Mkwaruzo hauna damu iliyokaukia kwenye nyusi. Ni alama ya jiwe. Kila mtu wa mji huu anajua jiwe linamfanyaje mtu.

Ile pamba ilikuwa bado mezani. Sijui kwa nini niliichukua nikaipitisha kwenye karatasi. Iliandika. Ikaacha mstari wa kijivu, mwembamba.

Penseli. Zile penseli zako ulizozichonga ndefu kama sindano, ukazisugua kwenye msasa, ukatuambia ni za kuandikia bon. Na zile alasiri ulizokuwa unajifungia dirishani na kioo chako cha mwanga, "Muniache, niko na bantu yangu," na sisi nje tunacheka tunasema mzee amelala. Nilipokuja kwako kazi ilikuwa ya rangi, filamu zinakwenda maabara na kurudi, hakuna tuliyemwona akigusa negatifu kwa penseli. Hukunifundisha kwa sababu hukudhani nitahitaji. Na mimi niliyefundishwa na wewe miaka kumi na moja sikuijua kazi yako nilipoiona. Niliiita kuvu.

Nikaelewa pia ulichofanya. Ulimwona yule mama ana jeraha, ukaona haya picha ya namna ile isafiri naye, ukakaa dirishani ukalifunika kwa nukta baada ya nukta, siku nzima labda, ukingojea karatasi ambayo haikuja. Nilikaa nikalia. Nililia kwa ajili yako kuliko siku ya kukuzika, maana siku ile watu walikuwa wengi.

Halafu nikafanya jambo jingine, nalo pia nakukiri. Kompyuta inaweza kulifunika jeraha. Kwa dakika kumi ningekuwa nimerudisha paji lile kama ulivyoliacha, na Kapinga asingejua, na lori lingeondoka. Nilianza. Nilikuwa nimefika katikati. Na katikati hapo nikamwona Didier.

Unamjua Didier kaka yangu. Mwaka ule alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa stesheni, na hakuwa anasubiri treni. Alikuwa akisimulia mezani kwetu, anacheka, jinsi walivyokuwa wanawatupia mawe wale waliosubiri, na baba yetu anatazama sahani yake. Ulijua, maana mtaa mzima ulijua, na ukanichukua kazini hata hivyo, hukuniuliza hata siku moja. Sasa Didier amekufa, wewe umekufa, na mimi nimeshika kipanya ninafunika. Jiwe lile sijui lilitoka mkono wa nani. Lakini nilijua hapo kwamba sikuwa nafunika kwa ajili ya Kapinga.

Nikatazama macho, kwa sababu ndivyo ulivyosema, macho kwanza. Yule mama anaangalia mbele moja kwa moja, hajainamisha kichwa. Na kitambaa chake, Papa, amekifunga nyuma kabisa, nywele za mbele zote ziko nje. Wewe umepiga picha wanawake wa mji huu miaka arobaini. Kuna mwanamke asiyejua kushusha kitambaa kidole kimoja, viwili, kufunika paji? Alikuja mbele ya kamera yako na jeraha bichi na akakirudisha kitambaa nyuma. Alitaka lionekane. Aliliketisha mbele yako ulipige picha, ukalipiga, kisha ukalifuta.

Nikairudisha picha kama ilivyokuwa. Nikaichapa kwa ile mashine ya picha za pasipoti, kubwa kadiri karatasi ilivyoruhusu, na nyingine nikaitia kwenye flashi.

Kapinga aligonga kabla ya wakati. Lori halisubiri adhuhuri tena, alisema, Kambale anaogopa vizuizi vya barabarani. Alisimama hapo mlangoni na begi lake. Nilikuwa nimeigeuza picha uso chini mezani nikaanza kumweleza, penseli, pamba, kosa langu, nikimwomba radhi kabla hajaona. Hakunisikiliza. Aliigeuza mwenyewe.

Alipeleka kidole kwenye paji, hakuligusa. Kisha akasema polepole, kwa sauti ya mtoto kabisa: "Sikulotaka."

Sikuelewa ni nini hakuota. Akarudia, sasa akinitazama mimi. Akaniambia kitu kimoja tu alichokikumbuka cha siku zile ni damu kwenye uso wa mama yake, inashuka, na mama anaifuta kwa ncha ya kitenge. Alipokuwa akikisema, shangazi zake walimwambia, "Ulilotaka, mutoto, ni ndoto tu. Mama yako alipandaka treni muzima." Walimwonea huruma. Walitaka asahau. Akasema hata mume wake alimwambia ni ndoto, hata wanawe humtania. Miaka yote hiyo alikuwa peke yake na ile damu, mpaka naye akaanza kukubali kwamba ana kichwa kibaya. "Sikulotaka," akasema mara ya tatu, na ndipo akakaa kwenye kile kibao cha wateja na kulia, mikono miwili imeishika picha mbali ili machozi yasiidondokee.

Nilimwambia kuhusu Didier. Sikupanga. Lilitoka tu, kwamba kaka yangu alikuwa pale. Aliomba maji, nikampa, akanywa yote. Akaifunga picha kwenye kitenge, akaiweka ndani ya Biblia ilikokuwa bon, Biblia ikakataa kufunga. Mlangoni alisema, "Ule mzee alitaka kututunza. Lakini mama alikuwa na kichwa ngumu, hein." Akatabasamu kidogo, akaenda. Nikasikia lori likiwaka kule kwenye kona, na risasi mbili mbali.

Sina hasira na wewe. Niliitafuta hasira mchana huu nikaona inakuja kidogo tu, halafu inaondoka. Ulikuwa na penseli, ukafanya kile penseli inachoweza. Lakini nasema ukweli, kwa sababu hapa hakuna anayetusikia: ulimnyima yule mama ushahidi wake, Papa. Na ulimnyima kwa wema wako wote, na mimi nimemrudishia kwa ujinga wangu. Sijui nilichukue vipi jambo hilo. Wewe ungechonga penseli nyingine.

Nimezitoa bahasha kumi za juu kwenye kopo la kwanza nikaziinamisha dirishani moja moja. Saba zina kijivu chako. Paji, shavu, mkono wa mtoto. Sasa nakijua kinavyong'aa.

Kambale amepiga simu sasa hivi. Wamepita kizuizi cha pili, Kapinga yuko mbele pembeni ya dereva, anasinzia na Biblia kifuani. Kambale anasema Ijumaa lori jingine litashuka Sakania, naweza kupeleka makopo na skana kwa Mama Odette, na mimi mwenyewe kama nataka. Makopo nitayapeleka, yakae huko mpaka risasi zinyamaze. Mimi bado sijajua. Bon zimesambaa huko nje ndani ya Biblia za watu, na mtu akija na bon anakuja mlango huu.

Basi sikia ninachokuahidi. Sitaifuta tena kwa uamuzi wangu hata nukta moja ya mkono wako. Kila negatifu itapita kwenye mashine kama ulivyoiacha, na penseli yako juu yake. Na yeyote atakayekuja na bon nitamwambia, kabla ya kumwonyesha, kwamba hapa chini kuna kitu ambacho mzee alikifunika kwa kuwapenda. Atachagua yeye. Akisema niache, naiacha kazi yako ikae. Akisema nitoe, nitakuja kwanza kukuomba ruhusa, hapa kwenye kiti chako, kisha nitachovya pamba.

Pumzika, Patron. Kiti nimekifuta vumbi. Barua hii naikunja mara nne iingie kwenye bahasha 412, pamoja na negatifu, na ile pamba nimeifunga kwenye karatasi ya lenzi nikaiweka humo pia. Kapinga amechukua uso wa mama yake. Siku yako nzima ya dirishani iko kwenye pamba ile, na sikuweza kuitupa.

Mimi mwanafunzi wako,
Fifi